Mafuriko yamo kwenye rejista, si kwenye hojaji

Mhariri,

Miaka yote hii nimesoma gazeti lenu na kunyamaza, lakini ile taarifa ya juma lililopita kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu na utafiti wao wa haki ya tabianchi, yaani nani huumizwa zaidi na mabadiliko ya hali ya hewa, katika shule za uwanda wa Kano imenishinda. Mliwasifu sana. Kuna aliyewauliza walihesabu nini?

Mwaka jana mmoja wao alifika shuleni kwetu na hojaji ya kurasa 12, Kiingereza cha chuo, kwa watoto wa Gredi ya 5. Nakubali sana, nakubali, sina hakika... Mtoto mmoja akanigeukia: "Mwalimu, jibu ni lipi?" Ilikuwa Februari, jua la utosi na vumbi. Rejista za mahudhurio zilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka alipokaa mgeni. Hakuzigusa.

Rejista ndiyo ushahidi, ila isomwe kwa akili. Huitwa mara mbili, asubuhi na alasiri. Ukiona darasa limejaa asubuhi na nusu halipo alasiri, huenda wingu lilitanda upande wa vilima vya Nandi, wazazi wakawahi kuchukua watoto kabla mto Nyando haujavimba. Shule ikifungwa kwa maji, rejista haiitwi kabisa, na siku hizo hakuna anayeandikwa kuwa hakuja. Ukipiga wastani kwa siku zilizoitwa tu, shule iliyozama wiki mbili itatoka sawa na ya mlimani! Gawanya kwa siku zote za muhula. Lakini 2024 muhula wa pili uliahirishwa nchi nzima, kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei. Siku hizo ziweke kando, la sivyo utailaumu Nyando kwa amri ya Nairobi. Halafu fuatilia majina yanayokoma Mei na kufikia Septemba hayapo. Hao ndio walioumia, na hojaji ya Februari haiwafikii, maana inawauliza waliobaki.

Na kwa kuwa nimeshaanza: shule iliyoinuka kidogo nayo haiponi, kwani ndiyo hugeuzwa kambi ya waliokimbia mafuriko. Familia zikirudi makwao, mashimo ya vyoo yamejaa pomoni na hakuna ofisi inayokumbuka kuleta lori la kunyonya. Madarasa yamekauka, vyoo havitumiki, wasichana wakubwa wanabaki nyumbani. Na hilo hamkuliandika.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inataka mambo haya yaingizwe katika mtaala. Vyema. Basi mtafiti ajaye aje na mkebe wa lita 1 wa rangi nyekundu ya mafuta na brashi ya inchi 2, apige mstari pale alama ya tope ilipoishia ukutani, aandike na tarehe. Kisha, kabla ya kuvaa joho, alete kurasa mbili za matokeo, moja ya Kiswahili, moja ya Dholuo, abandike kwenye mlango wa ofisi. Gundi tunayo.

Mwalimu,
Ahero, Kisumu