YAH: Malalamiko kuhusu dekali mbovu za ndege ya East African Airways

Mwanza

Kwa Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Salaam. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu mazungumzo yangu na kitengo chako cha huduma kwa wateja yamekwama, na jibu la mwisho nililopewa siwezi kulikubali. Risiti, picha na nakala za ujumbe wote wa WhatsApp nimeziambatanisha, ili usilazimike kutegemea maneno yangu peke yake.

Nilinunua kwenu seti ya modeli ya ndege ya abiria Vickers Super VC10, skeli ya 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), yenye alama za East African Airways, shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki. Nililipa shilingi 190,000, na nauli ya basi ya kifurushi hadi Mwanza nikalipa juu yake. Tangazo lenu lilisema seti ni mpya na haijafunguliwa. Nilipofungua boksi nilikuta karatasi ya dekali, yaani alama za kubandika kwenye modeli, imegeuka manjano kote, hata sehemu ambazo hazikuchapwa kitu na zilipaswa kuwa angavu kabisa.

Siku hiyo hiyo, kabla sijakata kipande hata kimoja cha plastiki kutoka kwenye fremu, niliwatumia picha na kuuliza mambo mawili: karatasi hii ina umri gani, na je, bado inafanya kazi? Swali la kwanza halikujibiwa. La pili nilijibiwa kwamba manjano hiyo ni kawaida, haina shida, niendelee tu kujenga. Nikaendelea, kwa sababu muuzaji ndiye anayeijua bidhaa yake, na kwa sababu nilitaka kuamini.

Kazi ikaenda. Nusu moja ya bodi ilikuwa imepinda kidogo. Nikaitia maji ya moto nikainyoosha, hilo ni jambo la kawaida kwa mjenzi na sikulilalamikia. Ndege hii ina injini nne nyuma kabisa, chini ya mkia, kwa hiyo modeli yake usipoiwekea uzito puani inakaa kitako. Nilijaza pua kwa chubwi za nyavu, ambazo huku kwetu hazikosekani. Nikaziba maungio kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka praima, nikapiga msasa tena. Kopo la rangi nyeupe mlilonitumia lilikuwa limeganda. Nalo nililisamehe, nikanunua nyeupe kwa mpaka rangi wa magari. Juu ya rangi nikapiga vanishi ya kung'aa, maana dekali ikiwekwa kwenye uso mkavu usiong'aa hewa inanasa chini yake na kuacha madoa ya rangi ya fedha.

Ndipo ikafika zamu ya dekali. Pengine unajiuliza karatasi moja ina uzito gani mpaka mtu akuandikie barua ndefu namna hii, kwa hiyo naomba nieleze. Dekali ni picha na maandishi yaliyochapwa juu ya utando mwembamba sana. Chini ya utando kuna gundi inayolegea majini, na chini kabisa kuna karatasi ya kuubeba. Unakata alama unayoitaka, unailowesha, unasubiri gundi iachie, kisha unaitelezesha kwa brashi hadi mahali pake. Utando ukiwa mzima unalainika na kulala juu ya kila mkunjo na kila mstari uliochongwa kwenye bodi. Ukikaa miaka kwenye joto na unyevu, au ukipigwa jua muda mrefu, unageuka manjano na kukakamaa, na ukishakakamaa maji yanaupasua.

Sikuanza na alama ninazozihitaji. Nilichukua namba ya usajili wa ndege ambayo nisingeitumia, 5X-UVJ, maana ndege ninayoijenga ni 5H-MOG. Nikaikata, nikaiweka kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu. Mwanzoni hakuna kilichotokea. Halafu ufa ukapita katikati ya herufi V, ukafuatwa na mwingine, na nilipoigusa kwa ncha ya brashi ikaachana yote. Vipande vilielea kila kimoja upande wake, vingine vidogo kama punje za ulezi. Nikarudia kwa kipande kifupi cha mstari wa akiba. Matokeo yakawa yale yale. Video ya jaribio hili la pili mnayo.

Baada ya kuiona video, kitengo chako kiliniandikia kwamba seti ikishaanza kujengwa hairudishwi, kwa kuwa ni kitu cha kuchezea na kimeshatumika. Ndugu Meneja, hapo ndipo penye malalamiko yangu. Niliripoti kasoro nikiwa na seti nzima mkononi. Mkaniambia nijenge. Nikajenga. Sasa kujenga kule mlikoniruhusu ndiko mnakokutumia kuninyima haki yangu. Mngeniambia siku ile nirudishe boksi, ningelipakia kwenye basi la jioni.

Ushauri uliofuata ulikuwa nipulizie karatasi yote vanishi ili utando ushikamane. Njia hiyo ipo na naifahamu. Inasaidia dekali ambayo imeanza kuchoka lakini haijafa. Hapa ina kasoro mbili. Vanishi haiondoi manjano, na sehemu ya juu ya ndege za East African ilikuwa nyeupe, kwa hiyo kila alama itaonekana imezungukwa na kivuli cha manjano. Tena vanishi inaunenepesha utando. Kwenye skeli hii mita moja ya ndege halisi haifiki milimita 7. Kingo nene ya dekali inaonekana kwa macho, haina pa kujificha. Wajenzi wengine huibandika karatasi dirishani ili jua liifue manjano. Jua linaweza kuifua, lakini haliwezi kuulainisha utando uliokakamaa, na wangu tayari unapasuka.

Nikaambiwa pia nipake kwa mkono. Mistari inayopita ubavuni ningeweza kuijaribu kwa tepu na spreya, ingawa modeli ina urefu wa sentimita 36 na mstari ukiyumba kidogo tu kazi yote imeharibika. Simba wa kwenye mkia siwezi. Maandishi ya milangoni siwezi, wala sijawahi kumwona anayeweza.

Pendekezo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Mlisema mnayo karatasi ya dekali za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati huo, ya ndege ile ile ya Super VC10, na kwamba mtanipa bure ili tumalize jambo hili. Najua aliyependekeza hakuwa na nia mbaya. Lakini si ndege ile ile. Super VC10 za East African zilikuwa aina ya 1154, zenye mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele, mlango ambao Super VC10 za BOAC hazikuwa nao. Mlango huo umechongwa kwenye bodi niliyoijenga. Nikibandika alama za BOAC juu yake nitakuwa nimetengeneza ndege ambayo haijawahi kuruka.

Na hata kama bodi zingefanana, mimi sikununua VC10 yoyote ile. VC10 zote zilizotengenezwa duniani ni 54. Tano kati ya hizo zilikuwa zetu, za shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, na usajili wake ulionyesha umoja huo: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Ya kwanza ilifika mwaka 1966. 5X-UVA iliteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu wakapoteza maisha. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kuvunjika mwaka 1977, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani katika jeshi la anga la huko, zikaruka miaka mingi kuliko zilivyoruka kwetu. 5H-MMT, ikiwa na namba ya kijeshi ZA147, ndiyo iliyofunga safari ya mwisho kabisa ya VC10, Septemba 2013. 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutoka kiwandani, ilipelekwa mwaka 2013 kwenye uwanja wa Dunsfold, Uingereza, ikiitwa ZA150. Anayetaka kuiona ikiwa na simba wake mkiani, njia iliyobaki ni picha za zamani au modeli.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa shirika hilo Embakasi. Alizifungua na kuzifunga injini zile za Conway mpaka kazi ilipokwisha, na watumishi wa nchi tatu wakagawana njia kila mmoja kwao. Modeli hii ni yake. Nilimwahidi 5H-MOG, na umri wake hauruhusu kusubiri seti nyingine ipatikane sijui lini. Sikutaka kulitaja jambo la familia katika barua ya biashara, lakini mlipoandika kwamba hiki ni kitu cha kuchezea tu, nimeona ni haki mjue mliuza nini.

Simlaumu mtengenezaji wa seti. Plastiki ni nzuri, maungio yamekaana, na uchapaji wa dekali, kwa kadiri unavyoonekana chini ya ile manjano, ni safi. Tatizo ni utunzaji. Tazameni video yenu wenyewe ya kutangaza stoo: maboksi yamepangwa hadi karibu na bati, na jua la mchana linaingia dirishani hadi kwenye rafu. Joto la Dar es Salaam chini ya bati, pamoja na unyevu wa bahari, ndivyo vitu viwili vinavyoua dekali. Isitoshe, boksi langu lilikuwa na nailoni mpya juu yake, lakini chini ya nailoni hiyo kulikuwa na gundi ya stika ya bei iliyobanduliwa, na kona moja ya boksi ilikuwa imebonyea huku nailoni ikiwa haina hata mkunjo. Boksi hilo liliwahi kufunguliwa na kufungwa upya. Kuliita halijafunguliwa si kweli, na naomba unijibu hasa juu ya hilo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ningependelea tuyamalize wenyewe. Mkishindwa, nitapeleka nakala ya barua hii na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani.

Ninachoomba ni karatasi nyingine ya dekali za East African Airways kwa Super VC10 ya skeli ya 1/144, iwe ya mtengenezaji wa seti au ya mchapaji mwingine anayejitegemea, mradi iwe mpya na mniandikie ni ya mwaka gani. Itumwe kwa gharama yenu, katikati ya makadi mawili magumu ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, si ikiwa imekunjwa kama hati. Kabla ya kuituma, kateni alama moja msiyoihesabu mkaitie majini, mnitumie picha. Mkiwa hamwezi kuipata, nirudishieni shilingi 190,000 zote pamoja na nauli ya basi, nami nitawarudishia seti kama ilivyo, ikiwa imejengwa na kupakwa rangi, bila kudai malipo ya kazi yangu.

Naomba pia mpitie seti nyingine mlizonazo dukani. Wapo wenzangu Arusha, Nairobi na Mombasa wanaonunua kwenu, wengine vijana ambao ndio wanaanza na wamejinyima ili kupata boksi moja. Mjenzi mpya akiona dekali yake inavunjika majini atadhani mkono wake ndio mbovu, na ataacha. Andikeni kwenye tangazo seti ni ya mwaka gani, na kama dekali zimechoka semeni hivyo na mpunguze bei. Watu watanunua tu. Wapo wanaotaka plastiki peke yake na wana alama zao.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi ndani ya siku 14, kupitia namba ileile iliyo kwenye risiti.

Wako katika ujenzi wa modeli,

Mteja wenu wa Mwanza

Viambatanisho: risiti ya malipo, risiti ya basi, picha za boksi na karatasi ya dekali, video ya jaribio la maji, nakala za ujumbe wa WhatsApp.