Barua kwa mwanangu aliye soba hausi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Waama baada ya salamu, sisi hatujambo. Bibi yako anakuombea kila alfajiri, na mdogo wako kaanza darasa la sita.

Nakuandikia kwa sababu ya lile duara la Ijumaa, mnapokaa pamoja hapo soba hausi kusimulia mliyoyapitia. Tulipoitwa wazazi tukae nyuma tusikilize, nilijua utaitaja cherehani yangu uliyoiuza, nikajikaza. Ulipoitaja sikuumia, baba. Ile nilishaililia. Kilichonikaa rohoni ni kicheko. Ulisema uliipakia kwenye baiskeli usiku, umeifunika kanga yangu kama mgonjwa anayewahishwa hospitali. Wenzako wakacheka. Ukaongeza kwamba askari alikupisha njia. Wakaangua. Mwanangu, baiskeli ulikuwa umeshaiuza mwezi mzima kabla ya hapo.

Unajua mimi ni muuguzi, na haya ya vijana kutibiwa pamoja tumeyasoma. Mtafiti mmoja wa Marekani, Thomas Dishion, na wenzake waliandika mwaka 1999 kwamba vijana wakikusanywa wasaidiwe kwa pamoja, wakati mwingine baadhi yao hutoka na matata zaidi ya waliyoingia nayo. Walirekodi maongezi ya wavulana na marafiki zao wakaona jambo dogo sana: habari ya kuvunja sheria ikipokewa kwa kicheko, hurudi tena. Kicheko ndiyo mshahara wake. Nilipolisoma hilo sikulitilia maanani. Ijumaa nililiona kwa macho yangu, na aliyekuwa akilipwa ni mtoto wa tumbo langu.

Usidhani nilitaka ufokewe. Huko California palikuwa na kundi la Synanon, lilianzishwa mwaka 1958 kusaidia waliotopea kwenye ulevi na unga. Walikaa duara kama nyinyi, wakamshambulia mmoja wao kwa maneno makali, na wakauita Mchezo. Baadaye Mchezo ukawa fimbo ya kuwatawalia watu. Mtoto aliyetoka juzi kwenye arosto, yale mateso ya kuacha unga, ukimvua nguo mbele ya wenzake, atajifunza kujificha vizuri zaidi, basi.

Mshauri wenu hakukufokea. Alingoja kicheko kiishe, akauliza taratibu: "Na asubuhi yake, mama alishonea nini?" Pakawa kimya. Uliangalia miguu yako. Nilitamani nije nikushike, lakini tuliambiwa wazazi tusiinuke. Ni katika kimya kile yule kijana mdogo, ambaye tangu tuingie hakuwa amefungua mdomo, akaanza kusema. Aliyoyasema siyaandiki hapa, ni ya duara. Nasema tu kwamba hakuna aliyecheka, na wewe ulivuta kiti chako kikagusana na chake. Hukuambiwa na mtu. Nilikuona.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukulisema mbele yao, labda ulidhani silijui. Fundi aliyeinunua cherehani alinijia wiki ya pili. Akaniambia kijana wangu anakuja kusimama mbele ya duka lake, siku tatu mfululizo, hasemi kitu, anaitazama tu kisha anaondoka. Habari hiyo haina baiskeli wala askari, wala haichekeshi. Lakini mimi ndiyo ninayoijua kuwa yako. Ukitaka kuisema duarani, iseme siku utakayoiweza. Usipoiweza, kaa kimya, usiibadilishe tu ikawa kichekesho.

Shangazi yako kaniazima cherehani yake ya mkono. Nimeshanunua kitambaa cha kanzu yako ya Idi. Mwambie mmoja wa wenzako akupime urefu kutoka begani hadi kifundo cha mguu, uniletee kipimo Ijumaa. Uliponikumbatia juzi nilikuta umenipita, na vipimo nilivyonavyo ni vya mwaka juzi.

Mama yako mzazi