Barua kwa maharusi wetu mnaofunga mabegi kwenda Ghuba

Kwenu wanangu, maharusi wa mwaka huu wa Magomeni, Temeke, Mbagala, Kigogo na kote hapa Dar es Salaam, ambao sasa mnafunga mabegi kwenda Dubai, Maskati, Doha au Jeddah. Assalaam alaykum, na amani iwe kwenu nyote wa kila dini.

Nimekuwa somo, yaani kungwi, wa mabinti wengi hapa mtaani, na mimi na marehemu mume wangu tuliishi Ruwi, Maskati, ndoa yetu ikiwa mbichi. Ndiyo maana nimejipa haki ya kuwaandikia bila kuombwa. Harusi zenu huandaliwa kwa miezi: kamati inakaa, kadi za michango zinagawiwa, ukumbi unalipiwa, binti anafanyiwa kitchen party na send-off. Lakini miezi ile ya mwanzo ugenini hakuna anayewakalisha chini akawaeleza.

Jambo langu kubwa nalisema mapema. Hapa nyumbani mtu akioa, ndoa yake inashikwa na watu wengi. Yupo somo, yupo mshenga, wapo mashangazi, yupo jirani anayesikia sauti zimepanda akabisha hodi kuja kuomba chumvi asiyoihitaji. Kule mtakuwa wawili. Na katika hao wawili, mmoja ndiye mwenye kazi na viza, na mwingine yupo nchini kwa jina la mwenzake. Mara nyingi mwenye viza ni mume, ingawa najua wapo mabinti wauguzi na walimu wanaotangulia wao. Mkiliacha jambo hilo la karatasi liingie chumbani, mtaishi kama bosi na mfanyakazi kabla hina haijafutika mikononi.

Nianze na hizo karatasi zenyewe, maana nimeona nyumba zikitikiswa nazo. Katika Falme za Kiarabu, mume anayetaka kumchukua mkewe hutakiwa awe na mshahara usiopungua dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 ikiwa kazini wanampa na nyumba. Hutakiwa pia mkataba wa pango uliosajiliwa, ambao Dubai wanauita Ejari, na cheti cha ndoa kilichothibitishwa na kutafsiriwa kwa Kiarabu. Ndoa iliyofungwa kwa shekhe au kanisani hakikisheni imesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha cheti kipite Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi mnayokwenda. Malizeni mkiwa hapa, ambapo ni suala la nauli ya daladala na subira. Mkiondoka bila hicho cheti mtakuwa mnamsumbua mjomba kupanga foleni kwa niaba yenu.

Vilevile kuna vipimo. Kabla ya kupewa ukazi hupimwa damu na kupigwa picha ya kifua, na katika nchi hizo mtu akikutwa na virusi vya ukimwi ananyimwa ukazi na kurudishwa. Nendeni mkapime hapa, pamoja, kabla tiketi haijakatwa. Habari nzito ni bora muipokee mkiwa karibu na watu wenu.

Kuna maneno nayasikia sana: "Njoo kwanza kwa viza ya matembezi, mengine tutapanga huku." Binti, usiyakubali. Viza ya matembezi ikiisha, Falme za Kiarabu wanatoza faini ya dirham 50 kwa kila siku unayozidisha. Nimempokea hapa binti aliyerudi baada ya miezi ya kuogopa hata kushuka ngazi, faini ikipanda kila kukicha, na mumewe akimwambia avumilie. Ndoa yake ilivunjikia mle ndani ya woga. Afadhali mume atangulie peke yake, apate nyumba na mshahara wa kueleweka, wewe usubiri Tandika kwa mama yako huku ukijifunza Kiarabu kidogo na Kiingereza cha kukutosha hospitali na dukani.

Sasa nasema na vijana wa kiume, na nasema kwa mapenzi. Lipo neno moja msilitamke kabisa, hata kwa utani: "Nitakufutia viza." Nimewahi kulisikia kwenye simu, binti analia, kijana yuko nyuma anapayuka. Ukishalitamka, mkeo hatalala tena usingizi wa mke. Atakuwa anakuchunga uso kila unapoingia mlangoni ajue leo umeamkaje. Wewe mwenyewe unajua uzito wa kuwa chini ya kafili, yule mwajiri anayekudhamini viza, unajua jinsi mtu anavyomeza maneno mbele ya bosi kwa sababu makazi yake yako mkononi mwa mwingine. Usimvalishe mkeo vazi linalokuumiza wewe mchana kutwa. Sheria za nchi nyingi za huko zinamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, basi na wewe usishike ya mkeo. Pasipoti ikae kwake. Kadi yake ya ukazi, ile Oman wanaiita bataka na Saudia wanaiita ikama, ikae kwenye mkoba wake. Awe na kadi ya bima, awe na namba ya kazini kwako, awe na hela ya mkononi ambayo haulizwi amenunulia nini.

Na umtoe nje. Mpe kadi ya metro, ile ya Nol kama ni Dubai, mpande pamoja mara ya kwanza, mara ya pili aongoze yeye na wewe unyamaze. Mwonyeshe duka la Wahindi linalouza unga wa mahindi na mihogo, kliniki, kituo cha basi, na njia ya kurudi nyumbani simu ikizima. Siku ya mapumziko usilale hadi alasiri. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Falme za Kiarabu tangu 2022 ni Jumamosi na Jumapili na Ijumaa nusu siku, lakini wengi wenu kwenye makampuni binafsi mtapata siku moja tu. Hiyo moja ni ya mkeo kabla haijawa ya washkaji.

Nataka mwelewe mchana wa mke aliyeletwa mpya ukoje. Mume anatoka alfajiri, gari la kampuni halisubiri. Kuanzia saa tatu asubuhi jua la Juni au Julai limeshakuwa kali, na ikifika adhuhuri joto linavuka nyuzi 40. Serikali yenyewe inakataza kazi za juani saa za mchana katika miezi hiyo. Kwa hiyo binti yuko ndani, dirisha limefungwa, kiyoyozi kinanguruma, chini anaona maegesho ya magari na hakuna hata mtu anayepita kwa miguu. Huyu ni binti aliyezoea kibaraza, muuza dagaa anapita, mtoto wa jirani anaingia bila kubisha hodi. Fungate alihudumiwa, hakugusa hata sufuria, kila jioni watu wanakuja kumtazama. Sasa anakaa kwa muda wa saa 12 peke yake anasubiri mlango ufunguliwe. Mume naye anaingia kachoka, anataka kula na kulala, anamkuta mke ana maneno ya kutwa nzima. Hapo hakuna mwenye kosa. Lakini msipolijua hilo mapema, kila mmoja ataona mwenzake amebadilika tangu harusi.

Na wengine hamtakuwa hata na nyumba ya peke yenu. Kodi ya Dubai ni kubwa na hulipwa kwa hundi chache kwa mwaka, miezi kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo wengi huanzia kwenye patisheni: chumba kimoja kimekatwa kwa mbao au jipsam, upande huu nyie, upande wa pili mtu msiyemjua. Friji la pamoja, kila rafu ina jina la mtu kwa kalamu. Bafu lina zamu. Ukikohoa usiku, upande wa pili wanajua. Maharusi wapya wanajifunza kunong'ona, mwisho wanajifunza kunyamaza, na unyumba unakufa kwa aibu ya ukuta. Mbali na hayo, patisheni nyingi hazina kibali, na mwaka 2025 manispaa ya Dubai iliendesha msako dhidi yake, watu wakatakiwa kuhama. Ushauri wangu ni kwamba kama uwezo wa chumba chenye mlango na bafu lake haupo, mke asubiri Dar. Nimewaudhi wengi kwa kusema hivi, na naendelea kusema.

Binti yangu, na wewe nina maneno nawe. Usikae ukingoje mume awe mama yako, shoga yako na redio yako. Tafuta wanawake wenzako. Maskati hutapata shida. Wapo Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar, waliorejea hasa baada ya 1970 alipoingia Sultan Qaboos, na Kiswahili chao kitakufanya usahau uko wapi. Mimi pale Ruwi nilifundishwa soko, hospitali na namna ya kukataa mwaliko bila kumuudhi mtu, vyote na mama mmoja aliyelelewa Malindi, Unguja. Lakini chagua. Watu wa nyumbani wakiwa ugenini wana mapenzi makubwa na midomo mirefu, na siri ya chumbani ikitoka Deira, kule Dubai, itafika Kariakoo kabla ya adhana ya magharibi. Mtu mmoja wa kumwamini anatosha.

Ukitaka kazi, taka kwa njia yake. Kuwa na viza ya mume hakukupi ruhusa ya kuajiriwa. Lazima kibali cha kazi kitoke. Kuuza maandazi kimyakimya nako kunaweza kukuletea balaa. Uliza kwanza.

Simu ndiyo inayovunja ndoa nyingi za ugenini, kuliko hata umaskini. Falme za Kiarabu simu za sauti na za video za WhatsApp kwa kawaida hazipiti, watu hutumia programu ya Botim, basi ipakueni kwenye simu zenu na za wazazi kabla ya safari, msije mkafika mama akadhani mmemkata. Mpangiane siku za kupiga. Mkigombana, msipige Dar usiku huohuo. Mama atasikia kilio, hatasikia suluhu ya asubuhi, na atabaki na kinyongo miaka. Na hasira msiiandike: kule tusi lililotumwa kwa simu ni kesi, hata kama ni baina ya mtu na mkewe.

Nyinyi mama zao, najua mnasoma. Mwacheni binti akae siku mbili bila kupiga. Wifi naye aache kuuliza kwa video kwa nini kabatini hakuna nguo mpya.

Hapo tumefika kwenye hela. Rial moja ya Oman ni zaidi ya dola 2 na nusu, na watu wa huku huzidisha haraka kwa shilingi, lakini hawazidishi kodi, bima, umeme na ada za viza. Kijana anafika, mshahara wa kwanza haujatoka, tayari ana orodha: ada ya mdogo wake, bati la bibi, mchango wa harusi ya rafiki aliyemchangia. Na wengine mmeondoka na deni la ukumbi ambalo bibi harusi halijui. Mwambieni. Kaeni kabla ya safari, andikeni madeni yote, ya kikoba na ya mtu binafsi, mwoneshane. Mkataba wa kazi mke ausome. Halafu waiteni wazazi wa pande zote mbili siku moja, muwaambie mbele ya wote: miezi mitatu ya mwanzo hatutumi kitu isipokuwa ugonjwa. Baada ya hapo kiasi kiwe kimoja kwa pande zote mbili, na mama wa mke asipate salio la mama wa mume. Mzee mwenye busara atawaelewa, na asiyewaelewa atanuna mkiwa mbali, jambo ambalo lina nafuu yake.

Mambo ya haraka. Msimbebee mtu mzigo msiouona ndani, hata awe shangazi. Mirungi ni jela huko, na dawa za maumivu zenye tramadol au codeine zinataka cheti cha daktari na ruhusa ya nchi husika. Mimba ikiingia mapema, someni bima inasemaje kuhusu uzazi kabla ya mwezi wa tano kufika, na cheti cha ndoa kiwe karibu, hospitali itakiulizia. Viungo bebeni kidogo, kila kitu kipo.

Mambo yakifika pabaya, mkono ukinyanyuliwa au mlango ukifungwa kwa nje, hapo subira imekwisha kazi yake. Tuna balozi Maskati, Abu Dhabi, Doha, Riyadh na Kuwait, na balozi ndogo Dubai na Jeddah. Kariri namba mbili, ya ubalozi na ya polisi wa nchi uliyopo, usitegemee simu peke yake kuzitunza. Na Falme za Kiarabu mwanamke aliyeachwa au kufiwa anaweza kuomba kubaki mwaka mmoja bila mdhamini, kwa hiyo "ukiniacha unalala uwanja wa ndege" ni uongo, usiutetemekee.

Mnaoondoka mwezi huu na ujao, toeni vivuli vya pasipoti, cheti cha ndoa, mkataba wa kazi na anwani ya mnapofikia, mumwachie mtu mmoja mnayemwamini. Msiokuwa naye, leteni kwangu Magomeni siku yoyote baada ya alasiri. Ninavyo vya wenzenu, nimevifungia kwenye sanduku la mahari yangu, na funguo anayo mjukuu wangu iwapo mimi sipo.

Safari njema, wanangu.

Bibi yenu,
Magomeni, Dar es Salaam