Foku bila mafundi inatuacha njiani

Ndugu Mhariri, habari za kazi.

Niko Arua, kila Jumamosi nafundisha vijana tisa kutengeneza gemu kwa laptopu za mitumba, moja skrini imepasuka kona. Tunatengeneza mweso, ule mchezo wetu kama bao, wa mashimo 32 na kete 64, na tunatumia injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea gemu, manake ni ya bure halafu nyepesi, ukishaipakua basi huhitaji bando tena.

Sasa juzi kijana mmoja akahamishia kazi yetu yote kwa foku ya Godot. Foku ni pale watu wanachukua msimbo wa programu huria, yaani maandishi yake ya ndani yaliyo wazi kwa wote, wanaenda kuuendeleza wenyewe kwa jina lingine, na si wizi, leseni ya MIT ambayo Godot iko nayo tangu 2014 inaruhusu kabisa. Aliambiwa huko mambo yanaenda haraka. Tukafungua, shimo la kona ukiligusa halishikiki, kete zimelala tu pale, kutafuta msaada tunakuta marekebisho ya mwisho ni ya miezi saba nyuma na aliyekuwa anayafanya ni mtu mmoja. Jumamosi mbili zikaenda kurudisha kazi.

Sipingi foku jamani. Mwaka 2023 Unity, wenye injini nyingine ya gemu ambayo si huria, walitangaza kutoza ada kila gemu inapowekwa kwa kifaa, ikishapita kiwango fulani, watu wakalia mpaka ada ikafutwa 2024, ila wakati wote huo hakuna aliyeweza kubeba ile injini aondoke nayo. Sisi tunaweza, na hiyo haki naithamini sana. LibreOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, ilizaliwa hivyo hivyo 2010 kutoka OpenOffice na ipo mpaka leo, sababu mafundi wenyewe ndio walihama, sio mashabiki peke yao.

Ndio maana naomba walimu wa kompyuta vyuoni, Kampala, Gulu, Mbarara, wapeni wanafunzi kosa moja la kweli la injini hizi walitafute, walirekebishe, walitume mpaka likubaliwe, badala ya zile projekti zinazoishia kabatini. Foku ikija kesho tuwe na watu wetu ndani wanaoijua. Binti mmoja wa darasa langu ameanza kujisomea C++, lugha ya kompyuta ambayo Godot imeandikwa nayo, anasoma kwa simu usiku umeme ukikatika, na hana wa kumuuliza, mimi mwenyewe nimefika mwisho wangu. Akipatikana fundi wa kumshika mkono, sisi tuko hapa kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana.

Mwalimu wa gemu, Arua