Profesa, kabla hujasaini ukarabati wa boila: barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo

Shikamoo, Profesa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu nilizokuandikia faraghani hazikujibiwa, na ya nne ilijibiwa na masjala kwa mstari mmoja: suala lako limepokelewa na linashughulikiwa. Ni miezi saba sasa. Huku likishughulikiwa, malori yanaendelea kumwaga makaa ya mawe nyuma ya karakana, na tumesikia kwamba mwezi ujao Baraza la Chuo litaletewa mkataba wa kukarabati boila zote mbili za makaa zinazopasha joto majengo yetu kwa mvuke, ili zidumu miaka mingine 25. Barua hii ni ya mkataba huo. Mengine nitakayoyasema yanauzunguka tu.

Naomba nianze na shati.

Mwaka wa kwanza nilipangiwa lile bweni ambalo upepo wa dohani unalielekea, ghorofa ya nne. Jumamosi ya kwanza nilifua shati jeupe, nikalianika kwenye kamba ya roshani, nikaenda maktaba. Niliporudi nikalikuta na vidoti vyeusi mabegani, vidogo kama vichwa vya pini. Nikapangusa kimoja kwa kidole, kikawa mstari. Mwenzangu wa chumba, ambaye alikuwa mwaka wa tatu, alicheka, akaniambia nguo nyeupe huanikwa ndani, na dirisha la upande ule halifunguliwi alfajiri moto unapochochewa. Bweni zima lina kanuni zake za kuishi na masizi, wakubwa wanawarithisha wadogo, kana kwamba masizi ni majira ya mwaka.

Na masizi ndiyo yenye adabu, maana yanajionyesha. Yanayotudhuru zaidi ni yale tusiyoyaona: chembechembe zenye kipenyo cha chini ya maikromita 2.5, ambazo pua haina uwezo wa kuzizuia. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa chembechembe hizo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Moshi wa makaa hubeba pia dioksidi ya salfa na zebaki. Majivu yanayobaki huwa na aseniki na risasi. Majivu yetu yamerundikwa kando ya uzio, chini ya turubai lililochanika, na mvua ikinyesha mfereji wa pale hugeuka kijivu. Kama kuna siku chuo kimeyapima maji hayo, tuonyesheni karatasi.

Nasoma uhandisi wa mitambo, kwa hiyo niruhusu hesabu kidogo. Kila kilo 12 za kaboni zikiungua hushikana na kilo 32 za oksijeni, tukapata kilo 44 za kaboni dioksidi. Tani moja ya makaa ambayo robo tatu yake ni kaboni hutoa tani 2.75 za gesi hiyo. Lori likiingia getini na tani 30, dohani inatoa zaidi ya tani 80. Tulifundishwa hesabu hii muhula wa kwanza, katika ukumbi ambao ukikaa safu za nyuma unaiona dohani dirishani. Mhadhiri aliandika ubaoni, akageuka, akatazama nje kidogo, akaendelea na mada nyingine. Simlaumu.

Ofisi yako imewahi kutuambia, kwa mdomo, kwamba chuo ni tone baharini. Ni kweli, na hatudai kwamba tukizima boila mbili dunia itapoa. Lakini chuo ndicho kinachotoa wahandisi watakaobuni mitambo ya miaka 40 ijayo. Mtambo wa kwanza mkubwa wanaouona kwa macho yao, wanaopelekwa kuutembelea kwa mafunzo ya vitendo, ni huu. Uingereza, iliyoanza kuwauzia watu umeme wa makaa huko London mwaka 1882, ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Sisi tunataka kusaini miaka 25 mingine.

Hoja ya pili tuliyopewa ni nzito zaidi, na nitaijibu kwa heshima yake: kwamba tukihamia pampu za joto, tunazopendekeza zichukue nafasi ya boila, tutatumia umeme wa gridi, na umeme huo nao huenda ukatoka kwenye makaa. Sawa. Tuchukulie mabaya yote, kwamba kila uniti ya umeme inatoka kwenye makaa matupu. Kituo cha makaa hugeuza takribani theluthi moja ya joto la makaa kuwa umeme. Pampu nzuri ya joto, kwa kila uniti moja ya umeme, hukuletea uniti tatu za joto, kwa sababu kazi yake ni kulihamisha joto lililopo ardhini au hewani, haihitaji kulizalisha. Theluthi moja mara tatu ni moja. Kwa makaa yaleyale, joto tunalopata halipungukii lile la boila zetu, ambazo zikiwa katika siku yake njema hupoteza sehemu nzuri ya joto kwenye dohani, kisha zikapoteza jingine njiani. Na gridi inaweza kusafishwa mwaka hadi mwaka, nasi tukanufaika bila kugusa bomba. Boila ya makaa itabaki ya makaa mpaka siku inauzwa kama chuma chakavu.

Nilitaja joto linalopotea njiani. Hapo ndipo ningeomba ukae nasi jioni moja, Profesa, tutembee. Kuanzia jumba la boila hadi maktaba, mvuke unafuka kwenye vifuniko vya mashimo matatu, na majani ya hapo ni mabichi wakati kwingine kote yamekauka. Ukiingia mabwenini, ghorofa ya kwanza watu wanalala na madirisha wazi kwa sababu radieta, vile vipasha joto vya ukutani, hazina valvu ya kupunguza. Ghorofa ya nne tunalala na soksi. Nakiri kwamba sisi wenyewe ndio tunaofungua hayo madirisha na kulimwaga nje joto la makaa tunayoyalalamikia. Ukiwa unatoka jasho usiku wa manane huwazi tabianchi.

Ndiyo maana hatuombi boila ing'olewe kesho asubuhi. Tunajua mfumo wa mvuke hauingiliani moja kwa moja na pampu za joto. Mvuke husafiri kwenye mabomba ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 100, ilhali pampu kubwa kwa kawaida hutoa maji ya moto ya nyuzi 65 hivi. Mabomba ya chini ya ardhi itabidi yabadilishwe, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kubwa kuliko pampu zenyewe pengine. Mtu akikuambia ni jambo jepesi, hata kama ni mmoja wetu mwenye bango, usimsikilize. Lakini mabomba yale yamezeeka na yatabadilishwa tu, tukitaka tusitake. Swali ni kama tutafukia upya mabomba ya mvuke.

Kuna waliolijibu swali hili kabla yetu. Chuo Kikuu cha Ball State, katika jimbo la Indiana, Marekani, lenye migodi yake ya makaa, kilikuwa na boila nne za makaa zilizochoka. Badala ya kuweka boila mpya, mwaka 2009 walianza kuchimba mashimo marefu chini ya viwanja vyao, takribani 3,600 kwa jumla, wakapitisha mabomba ya maji humo na kuyaunganisha na pampu za joto. Hawana volkano wala chemchemi ya maji moto. Wanatumia ardhi ya kawaida, ambayo kwenye kina hicho joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Boila zao za makaa zilizimwa mwaka 2014. Juu ya mashimo hayo kumeota nyasi, na mtu asiyejua hawezi kugundua anakanyaga nini.

Mfano wa pili ndio unaotunyima usingizi. Mwaka 2010, baada ya wanafunzi kushikilia bango, Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill kilitangaza kwamba kitaacha makaa ifikapo 2020. Walishangiliwa. Wale wanafunzi wakahitimu, wakaondoka. Mkuu wa chuo aliyetoa tangazo naye akaondoka. Mwaka 2020 ukafika, ukapita, makaa yakaendelea kuunguzwa. Sisemi walidanganya. Nadhani aliyeahidi aliamini anachokisema. Ila mwanafunzi hukaa miaka minne na kiongozi hukaa kipindi chake, na boila inatuzika wote. Ahadi ni deni, ndivyo tulivyolelewa. Lakini deni lisilo na tarehe za malipo hakuna mkopeshaji anayeliandika daftarini.

Kwa hiyo usitupe tamko, Profesa. Tamko tunalo la mwaka juzi, limewekwa fremu pale mapokezi. Tunachoomba ni kwamba mkataba wa ukarabati usisainiwe kabla gharama zake za miaka 25, makaa na uondoaji wa majivu vikiwemo, hazijawekwa mezani pamoja na gharama za njia nyingine, na wote tukaziona. Ukishaona, tupe tarehe ya kuzima, na kila mwaka kabla ya tarehe hiyo uwe na fungu lake ndani ya bajeti: mwaka wa kwanza valvu za radieta na kuziba mivujo, kisha mabomba ya upande wa maktaba, kisha mabweni. Bajeti ikipita bila fungu hilo, tutajua mwaka huohuo, hatutasubiri tarehe ya mwisho ndipo tugundue tumechezewa.

Kuhusu gesi asilia, ambayo tunasikia kuna mjumbe wa Baraza anaipigia debe: ni kweli haina majivu wala masizi, na vyuo vingi vilivyoacha makaa vilikimbilia huko. Cornell waliacha makaa mwaka 2011 kwa njia hiyo. Lakini gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani inayovuja kabla ya kuungua hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, ukihesabu miaka 20. Tutakuwa tumetoka kwenye mkataba mmoja mrefu na kuingia mwingine, na wadogo zetu ndio watakaoandika barua kama hii.

Limebaki jambo moja, na kwangu ni gumu kuliko hesabu zote. Muhula uliopita niliomba ruhusa ya kukaa zamu nzima ya usiku kwenye jumba la boila. Mzee wa zamu alinipa kofia ngumu na kiti kilichovunjika mguu mmoja, akaniambia, mwanangu, kaa mbali na mlango ule. Kila nusu saa aliinuka kusoma geji, akaandika daftarini kwa kalamu iliyofungwa kamba, akachungulia moto kupitia kioo kidogo cheusi. Anautambua mngurumo wa feni ukibadilika kabla geji haijaonyesha kitu. Ana kikohozi ambacho amekizoea kiasi kwamba hukatiza sentensi, akakohoa, akaendelea palepale alipoishia. Kulipokaribia kucha aliniuliza kama mimi ni katika wale wa mabango. Nikasema ndiyo. Akasema hana ugomvi na sisi, ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweleza yeye atakwenda wapi.

Sikuwa na jibu. Mabango yetu hayakuwa na neno hata moja juu yake, na hilo ni kosa letu, si lako. Ndiyo maana tumeongeza kwenye ombi letu, na tumelipa uzito sawa na tarehe: wafanyakazi wa boila wawe na viti kwenye kamati itakayopanga mabadiliko haya, wapimwe mapafu kwa gharama ya chuo kuanzia sasa, na wafundishwe mitambo mipya kwa mshahara uleule kabla haijafika. Mtu anayesikia feni ikilia vibaya ni fundi unayemhitaji kwenye pampu pia.

Mara ya mwisho tulipokuja mbele ya Baraza tulipewa dakika tano chini ya "Mengineyo", baada ya chai, nusu ya wajumbe wakiwa wamesimama. Safari hii tunaomba iwe ajenda yenye namba. Mkutano unaanza saa nne asubuhi. Kuanzia saa tatu tutakuwa kwenye benchi la nje ya ukumbi, watatu tu, bila bango wala kipaza sauti, pamoja na mzee wa zamu ikiwa msimamizi wake atamruhusu. Nakala za mahesabu ya mabomba zitatosha kila mjumbe. Tafadhali mwambie mlinzi asituondoe.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Uhandisi wa Mitambo,
kwa niaba ya wenzangu waliotia saini