Kupasuliwa moyo utotoni sio mwisho wa kliniki

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongee na wenzangu tuliopasuliwa moyo tukiwa wadogo, na wazazi ambao watoto wao wanapasuliwa sasa hivi.

Mimi nilizaliwa na kitu kinaitwa tetralojia ya Fallot, yaani kuna tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo na njia ya damu kwenda mapafuni imebana. Shule ya msingi hapa Moshi wenzangu wakikimbizana mi nachuchumaa pembeni ya uwanja, magoti kifuani, midomo kama nimekula zambarau, mpaka pumzi irudi. 1998 nikapelekwa India nikapasuliwa, nikarudi nakimbia. Bibi akachinja mbuzi, wote wakasema mtoto kapona, faili likafungwa kwenye rambo likawekwa juu ya kabati na hakuna aliyeligusa tena.

Kumbe ili kuifungua ile njia daktari mara nyingi inabidi aipanue mpaka kwenye valvu yenyewe, yaani kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, basi valvu inabaki inavuja. Mtoto anakaa miaka na miaka hasikii kitu, ila kila moyo ukipiga damu kidogo inarudi nyuma, chumba cha chini cha moyo upande wa kulia kinatanuka polepole, na mapigo yanaweza kuanza kwenda ovyo. Wengi wetu ukubwani tunahitaji valvu mpya, na ukichelewa sana kile chumba hakirudi tena saizi yake hata ukiwekewa.

Nimezaa watoto wawili. Kliniki nesi aliona mshono wangu katikati ya kifua akaniuliza dada uliungua? Nikasema hapana nilipasuliwa zamani, akanipa pole akaendelea kupima tumbo. Simlaumu sana, hata mi sikujua kwamba mtu kama mimi anatakiwa amwone daktari wa moyo kabla hata ya kubeba mimba. Jino nalo nimeng'oa bila kusema chochote, wakati bakteria wa mdomoni wanaweza kupita kwenye damu wakashambulia moyo, na baadhi yetu tunatakiwa kumeza antibayotiki kwanza.

Mwaka jana natoka Mbuyuni na kapu la ndizi, moyo ukaanza kupiga mbiombio, ukaruka, ukanyamaza, ukarudi. Nilipewa dawa za vidonda vya tumbo mara mbili!! Mpaka nilipopimwa eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ndo valvu inayovuja ikaonekana. Daktari akaomba faili la India, nikaenda kulishusha, panya wameshakula nusu.

Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar ianze 2015 watoto wengi wanapasuliwa hapahapa nchini, namshukuru Mungu kwa hilo, ila nao watakua. Naomba mtoto akimaliza kliniki ya watoto apewe karatasi ya Kiswahili: alizaliwa na tatizo gani, alifanyiwa nini, lini, na akaonwe wapi kila mwaka hata kama anajisikia mzima. Na sisi wakubwa wa Kilimanjaro na Arusha tuwekewe hata siku moja kwa mwezi huku huku, maana nauli ya Dar kwenda na kurudi, na pa kulala, wengi inawashinda wanaacha.

Wazazi, lipigeni picha faili kwenye simu leo, kurasa zote. Mimi nimepangiwa Dar mwezi ujao waangalie kama valvu inabadilishwa, na ile nusu ya faili iliyobaki nakwenda nayo.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi