Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nani Hupata Kazi za Mazingira?

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mlisomewa na mweka hazina mkazipitisha, kwa hiyo sitazirudia. Kitalu cha miche kinaendelea vizuri, na akina mama wanaokitunza wapokee shukrani zetu. Nafasi hii naitumia kwa jambo lililotuchukulia muda mwingi zaidi: nani anaajiriwa katika kazi za mazingira jijini Nairobi, na nani anaachwa nje.

Kazi zipo. Mwaka 2023 kaunti iliajiri watu wapatao 3,500 wa Green Army, kikosi chake cha kusafisha jiji. Mwaka uliofuata Serikali Kuu ikaanzisha ClimateWorX, mpango wa vijana kusafisha kando ya Mto Nairobi, kwa shilingi 500 kwa siku. Wakati wa korona kulikuwa na Kazi Mtaani, ambapo wengi wenu mlifyeka na kuzibua mitaro kwa shilingi 455. Pesa hizo zimelipa kodi ya nyumba Mathare, Mukuru na Kibra, na anayezidharau hajawahi kufungiwa mlango na mwenye nyumba.

Linalotuuma ni njia ya kuzipata. Mara nyingi kijana husikia habari za usajili siku umeshafungwa. Majina huandikwa na wachache, na asiye na wa kumtaja hubaki akiuliza. Kisha kuna kitambulisho. Asiye nacho hasajiliwi, wala hana laini ya simu ya jina lake ya kupokelea malipo. Vijana Wanubi wa Kibra wanalijua hili kutuzidi, kwa kuwa kwa miaka mingi walihojiwa na kamati kabla ya kupewa kadi ambayo wenzao waliipata bila mahojiano hayo. Dhuluma waliyofanyiwa kwenye dawati la vitambulisho huwafuata hadi kwenye dawati la ajira.

Umri nao unatutenga. Programu hizi hulenga vijana, na Katiba humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Vijana wapewe, nakubali kabisa. Lakini mama aliyetumia nusu ya maisha yake kuchambua plastiki katika jalala la Dandora anajua taka kuliko msimamizi yeyote, na kazi ikiletwa mtaani kwake yeye hubaki mtazamaji. Naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote. Wangari Maathai alipoanzisha shirika la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake ambao wengi hawakusoma sana ndio waliokabidhiwa vitalu, wakalipwa kwa kila mche ulioshika. Kile walichokijua kilithaminiwa.

Hata wanaoingia hawako sawa. Wanawake wetu hupewa fagio. Usimamizi na mashine huenda kwa wanaume. Gambuti huja za saizi kubwa tu, na kando ya mto hakuna choo. Wanachama wenye ulemavu huambiwa hakuna kinachowafaa, ilhali kuna mahudhurio ya kuandika, zana za kuhesabu na miche ya kutunza. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka utumishi wa umma utoe nafasi sawa kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote na kwa wenye ulemavu. Kwetu kanuni hiyo inamhusu kibarua wa siku kama inavyomhusu karani.

Ndiyo maana kamati iliandika barua kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayozipa ofisi za umma siku 21 kujibu. Tuliomba idadi ya walioajiriwa kwa kila wadi, jinsia, umri na ulemavu, pamoja na vigezo vya kuteua wasimamizi. Hatujajibiwa. Sasa tunalipeleka shauri kwa Tume ya Haki za Kiutawala, inayosimamia sheria hiyo. Tunachodai ni orodha kubandikwa katika ofisi ya kila wadi, wadi zote 85, kabla ya kazi kuanza, wakazi wasome majina na wapinge wakiona hila.

Mwenye jirani aliyetimiza miaka 18 bila kitambulisho amlete kwa katibu Jumamosi. Tutaandamana naye hadi ofisi ya usajili na kukaa naye kwenye foleni.